Kwa Mita ya Mraba

Zenon kapiga magoti, futi kamba mkononi,
penseli sikioni kama fundi wa kweli.
Anataja namba, naziandika nyuma ya bili ya gesi:
jiko, tisa na nusu. Ukumbi, tano kamili.
"Ongeza sehemu moja ya kumi," asema,
"ya kukatakata na ya makosa."
Ya makosa, namjua, ni yake.

Linoleo hii tuliikuta humu.
Mbele ya sinki imelika hadi rangi ya chai,
na kila mgeni huitazama kwanza
kisha hututazama sisi.

Dukani, nje kidogo ya Łódź, theluji yayeyuka mlangoni.
Kijana Kacper, shingo nyembamba kuliko tai yake,
anatupangia vipande juu ya meza:
huu mwaloni, huu mwaloni wa kijivu,
huu mwaloni uliopigwa na upepo.
Vyote vinaili. Zenon avipapasa
kama mtu anayenunua farasi.

"Msihesabu unene wote," asema Kacper,
"hesabuni ngozi ya juu. Nusu milimita
ndiyo itakayobishana na viti vyenu."
Mimi miaka thelathini na moja nabishana na Zenon
bila hata hiyo nusu milimita.

Zloti themanini na tisa kwa mita.
Ya thelathini na tisa imewekwa kando, inameremeta.
Rahisi ghali, najua.
Lakini ghali nayo ni ghali.

Bahashani mna elfu mbili.
Zilikuwa za jino la Zenon, la juu kulia;
kasema atatafunia kushoto hadi Pasaka.

Basi: pakiti nane, maana hawauzi nusu pakiti,
elfu moja mia tano sitini na sita.
Saruji ya kusawazisha, mifuko mitano,
kwa kuwa zege la jengo letu limebonyea
kama godoro la hospitali: mia tatu na kumi.
Mbao za kandoni tutarudishia zile zile, tupake rangi.
Fundi ni shemeji Ryszard, kwa supu na chupa.
Halafu tandiko la kuzima sauti,
mia tatu thelathini na sita.

Zenon akaufunika mstari huo kwa kidole gumba.
"Hili si letu," akasema. "Hili la Leokadia."

Leokadia wa ghorofa ya tatu, chini yetu.
Miaka ishirini na sita kiwanda cha nguo,
kati ya mashine zilizomla sikio moja,
na lile lililobaki husikia sapatu zangu
saa kumi na mbili alfajiri.
Hugonga dari kwa mpini wa ufagio,
mara tatu, daima tatu.
Mzigo wa mwenzio kanda la usufi:
nyayo zetu kwetu usufi,
kwake mawe.

Nikakiondoa kile kidole.
Mia mbili na kumi na mbili zilizopungua
nikazitoa kwenye kopo la kahawa,
nywele zangu zikabaki na mvi zake.

Tulitandika Jumamosi, tukamaliza Jumapili usiku.
Nyuma ya jokofu kipo kipande kimoja
kilichokatwa upande siyo.

Siku tisa hakugonga mtu.
Alfajiri nasimama, kijiko mkononi, nimetega sikio.
Nikajaribu viatu vya kisigino.
Kimya.

Siku ya kumi, mlango.
Leokadia, shali begani, pumzi zinamwishia,
kapanda ngazi akiegemea ule ufagio.
"Nilidhani mmehama," akasema. "Au mmekufa."
Akatazama chini. Akaingiza ncha ya sapatu,
kama mtu anayeonja maji ya kuoga,
kisha akageuza ufagio,
akagonga kwa mpini, polepole, mara tatu.

"Mwaloni?" akauliza.
"Plastiki," akajibu Zenon,
mkate ukiwa shavu la kushoto.