Ralanti

Injini hii ilikuwa ya msumeno.
Ilikata mikaratusi Masisi miaka sita
mikononi mwa kaka yetu Habamungu,
kabla hajauza upanga na mnyororo wake
akatuachia moyo ndani ya gunia la muhogo.

Sasa iko puani mwa ndege ya mbao laini na nailoni,
ncha hadi ncha mita mbili na nusu.
Mabawa yanalala kitandani pangu. Mimi nalala chini.

Kwa mbio haina lawama:
inapiga kelele hadi kuku wa Mama Nzigire wanahama avenyu.
Ukiirudisha chini tu, inakufa.
Ralanti, anasema Ndoole, ndiyo adabu ya motere:
kukaa bila kazi, bila kuzimika.
Kukimbia, hata mwizi anajua.

Jumapili ya kwanza tulilaumu plagi.
Ilitoka nyeusi kama sufuria ya maharage.
Tukaisugua kwa mswaki
(sikusema wa nani).
Ikawaka. Ikafa.

Jumapili ya pili, sindano.
Ziko mbili, skrubu ndogo ubavuni mwa kabureta,
moja ya mbio, moja ya utulivu.
Kijitabu kilisema: fungua mzunguko mmoja na nusu.
Lakini kijitabu kiliandikwa na mtu aliyekaa usawa wa bahari,
na hapa Goma tuko mita elfu moja na mia tano juu yake,
hewa nyembamba kama supu ya mwisho wa mwezi.
Petroli ile ile, huku inaizamisha.
Funga, alisema Ndoole. Robo. Nusu ya robo.
Unene wa ukucha.
Nikafunga kama mtu anayemtoa mtoto kibanzi jichoni.
Ikanguruma. Tukahesabu hadi arobaini na moja.
Tukaiinua pua kidogo, kana kwamba inapaa:
ikakohoa, ikafa.

Basi haikuwa sindano peke yake.

Jumapili ya tatu nilipiga magoti juu ya mawe ya volkano,
yale yasiyosamehe suruali,
nikautazama mrija. Mrija tu.
Petroli ilipita, rangi ya chai hafifu,
kisha kiputo,
kisha viwili vikifuatana kama watoto wanaotoroka shule.
Hewa ilikuwa inaingia kwa mlango usio wake.
Ndoole akaukata mrija: mgumu kama makaroni mabichi.
Tukaweka mpya, tukaukaza kwa waya wa shaba.

Dakika mbili! Nikaanza kucheka.
Halafu sauti ikapanda, ikawa nyembamba,
sauti ya mtu mwenye kiu anayeona haya kuomba maji,
ikafa.

Ndipo nikaliona tangi.
Tangi letu ni chupa ya maji ya matunda,
na chupa ilikuwa imebonyea mashavu
kama bibi anayevuta kiko.
Ilinyonywa, ikanyonywa, na hakuna kilichoingia.
Kule juu, kitundu chake cha pumzi
kilikuwa kimezibwa na nyigu:
udongo laini, umefinyangwa vizuri, nyumba kamili.
Wiki tatu tunaisumbua kabureta,
kumbe shida ni mpangaji.

Nikazibua kwa spoku ya baiskeli.
Chupa ikasema po, ikarudisha mashavu.

Nikamkumbuka Habamungu
alivyotutumia karo kila mwezi kutoka msituni,
kila mwezi,
na hakuna aliyempigia kumuuliza amekula nini.

Ruhusa ya kurusha bado iko mezani kwa chefu wa avenyu.
Haidhuru. Injini ilikaa pale chini ikinong'ona,
propela ikizunguka polepole kiasi cha kuonekana kivuli chake,
Ndoole akala ndizi nzima, ikiwa bado inanong'ona.
Nikapiga simu. Sikusema kitu,
niliiweka tu karibu na injini.

Alinyamaza muda mrefu.
"Ni ile," akasema. "Mbona imekuwa na heshima?"

Nami sikuwa na jibu,
na Ndoole alikuwa ananionyesha kidole:
funga tena kidogo.
Unene wa ukucha.