Jibii Nne

Saluni yetu ipo Gungu, ubavuni mwa mashine ya mahindi:
kiti kimoja, kioo chenye ufa, spika mbili
ambazo Kabona alizinunua kabla hajanunua mkasi.
"Muziki ndio unaomkalisha mteja," huniambia.
Kazi yangu mimi ni vichwa.
Na memori. Memori ni yangu, jibii nne,
nyimbo mia saba na kitu, nilizorushiwa kule Mwanga
kwa shilingi elfu mbili,
bila kuulizwa naamini nini.

Jumamosi ndiyo siku ya watoto.
Nilikuwa namnyoa Silasi wa mama Ntibashima,
miaka sita, miguu inaning'inia mbali na sakafu.
Nimemshika utosi, mashine inanguruma sikioni mwake,
akaanza kufuatisha.
Neno kwa neno. Alijua pale pa kuvuta pumzi.
Alijua pale mwanamke anapoitwa jina la mnyama,
akalitaja kwa sauti ile ile anayoombea chakula.
Benchi zima likacheka, likashika mbavu.
Mimi nilihisi fuvu lake likitetemeka
chini ya kiganja changu, jepesi kama kibuyu,
na wimbo ukipita humo.

Usiku nikakaa na simu
kama mtu anayetoa mchanga kwenye dagaa wa Kibirizi.
Huu wa matusi: nje.
Huu unamsifu mwizi: nje, ingawa gitaa lake
lilinivusha mwaka mzima wa kidato cha pili,
mwaka ambao baba alikuwa Mpanda na haleti habari.
Niliusikiliza mara ya mwisho.
Mara mbili. Sitadanganya.

Nikadhani folda ya dini nitaiacha ilivyo.
Wapi!
Mmoja unamwomba Mungu awaangushe majirani
ili wawe chini wakati mwimbaji anashuka garini.
Haleluya kumi na moja, nilizihesabu,
na hakuna hata moja iliyopiga magoti.
Kidole kilisita hapo
kuliko kilivyosita kwenye matusi.
Kisha kikabonyeza.

Na kuna huu wa kijana anayegonga mlango usiku,
anamwambia mkewe nimechelewa, nisamehe,
nimekuja na mawese na chumvi.
Hautaji Yesu popote.
Niliubakiza. Mwalimu wa kwaya akiniuliza
nitamwambia: mwalimu, huyu mtu amegonga.
Nyumba ni yake, na amegonga.

Zikabaki tisini na nne.
Memori ikawa kama chumba walichohama wapangaji,
unakohoa, kinakujibu.
"Umetuua," Kabona akasema. "Watu watahamia kwa Ntakije."
Wawili walihama kweli.
Mmoja hajarudi mpaka leo, na alikuwa analipa vizuri.

Wiki ya nne Silasi akaletwa tena.
Nimemaliza upande wa kushoto,
umeme ukakatika.
Spika zikanyamaza, mashine ya mahindi ikanyamaza,
na ile ya mkononi mwangu ikafa juu ya sikio lake.
Nikausikia upepo wa ziwani ukigusagusa bati,
sauti ambayo, nadhani, ilikuwepo siku zote.
Mtoto akajitazama kiooni, nusu amenyolewa, nusu bado.
Halafu akaanza kuimba.

Nikazuia pumzi.
Mdundo ulikuwa wa ule wa matusi, haukukosea hata pigo,
alikuwa anaupiga kwa visigino kwenye chuma cha kiti.
Lakini maneno yalikuwa
mawese na chumvi,
mawese na chumvi, fungua.

Lile jina la mnyama lilipofika zamu yake
aliruka. Au alisahau. Sikumuuliza.
Benchi halikucheka; mmoja alikuwa akitikisa kichwa
taratibu, amefumba macho.

Nilimpuliza nywele shingoni,
nikautafuta mkasi kwenye droo, ule wa Kabona, una kutu kidogo,
na upande wa kulia tukaumalizia hivyo,
polepole,
akiimba, mimi nikisikiliza anakoelekea.