Kibaba Kikijaa

Ikiwa tupu, dunia ni nyepesi.
Naizungusha kwa kidole kimoja,
Moshi hadi ncha ya kusini na kurudi
kabla chai haijapoa.
Inang'aa kama bakuli lililofutwa kwa kanga.

Halafu Elirehema anachomeka flashi yake:
miezi saba ya kutembea,
Uru, Kibosho, Old Moshi, hadi Kirua,
kifaa mkononi kikilia kila hatua mbili.
Nukta laki nne na elfu kumi na mbili.
Kila mfongo, kila nduwa, kila mgawanyo wa maji,
na kila ukoo wenye zamu.

Nabonyeza Fungua.

Dunia inasita.
Inageuka robo, inasimama na Kongo usoni,
nusu ya bara kijivu.
Feni inapiga mluzi
kama kinu cha Kiborloni siku ya soko.
Kiduara kidogo kinazunguka
mahali pa dunia.
"Haijibu," yanasema maandishi,
utadhani tumeiuliza habari za mirathi.

Haba na haba hujaza kibaba.
Tulifundishwa hivyo darasa la tatu
na mwalimu akaishia hapo.
Hakusema kibaba kikijaa kinafanya nini,
wala anayeendelea kumimina anaitwaje.

Saa tatu usiku, ghorofa ya pili.
Kesho saa nne wenyeviti wa mifongo wanakuja
kuyaona maji yao ukutani.
Nachomoa kumbukumbu kwenye kompyuta ya mhasibu,
naipachika kwenye yangu.
Naondoa vivuli, naondoa jua, naondoa bahari
(nani Kibosho ataulizia bahari?),
nashusha milima mpaka nchi inalala kama chapati.
Nukta elfu hamsini, inatembea.
Laki moja, inachechemea.
Laki mbili, inazimika, nami nazimika nayo,
tunawashwa upya wote wawili.

Basi nashika njia ya mvivu.
Naiambia mashine: katika kila mstari, futa kona
zisizofika mita kumi na tano.
Faili linanywea.
Dunia inapumua, inazunguka,
mifongo imenyooka kama uzi wa mwashi.
Nampigia Elirehema. Anakuja na mvua mabegani.

Anasogeza pua hadi kwenye kioo.
"Hapa," anasema,
"maji umeyapitisha juu ya baba yake Ndeamtso."

Mfongo ule, ukifika kwenye migomba yao,
unakata kushoto hatua sita,
unazunguka mashina mawili ya isale na kaburi,
unarudi kulia, unaendelea na safari.
Hatua sita.
Hakuna aliyewahi kuuliza sababu;
jembe linajua, na maji yanalifuata jembe.
Mimi, kwa kubonyeza mara moja,
nimefukua.

Tunarudisha kona zote.
Safari hii hatukati mistari, tunakata ardhi,
kata kwa kata, kisha vipande vya kata,
na kila kipande tunakipa masharti:
Mtu akiwa mbali, mwonyeshe mlima tu.
Akishuka, mito.
Akishuka tena, mfongo.
Akifika kimo cha mgomba, ndipo umtajie jina.
Mgeni mwenye adabu
hapigi hodi nyumba zote kwa mpigo.

Saa kumi na moja alfajiri.
Kipande cha Uru bado kizito, sijui kina nini.
Tutakionyesha mwisho, baada ya soda,
na kikigoma tutasingizia umeme.
Elirehema amelala kitini, viatu miguuni,
udongo wa Kidia unakauka na kudondoka kwenye vigae.
Mlima wenyewe, dirishani,
haujafunguka tangu Jumanne.

Nashuka peke yangu, taratibu,
mto, mfongo, migomba,
mpaka kwenye ile kona.
Jina linachelewa kidogo.
Namngoja.