Shavu la Kushoto

Wembe ulijua kabla ya daktari.
Beso alikuwa na miaka kumi na sita,
ndevu za kwanza, vumbi tu la ndevu,
nami, Malkhazi, kinyozi wa Kutaisi kando ya daraja,
nikahisi chuma kikizama kushoto
pale ambapo kulia kilipanda.

Sikusema. Kinyozi hulipwa pia kwa kunyamaza.
Nikadhani ni jino.
Mama yake, Tsiuri, akadhani mtoto hulalia ubavu mmoja,
akawa anaamka usiku kumgeuza,
majira yote ya baridi.
Jirani akasema ni kijicho.
Shavu halikumsikiliza yeyote. Likapungua
kama sabuni ya dukani mwangu:
huioni ikiisha,
unaona siku moja tu kwamba imekwisha kuisha.

Mwaka wa pili ukaja mstari kwenye paji,
umenyooka, kana kwamba nimemchanja mimi.
Wateja waliutazama mstari,
kisha wakautazama wembe wangu.
Kope za jicho lile zikaota nyeupe.

Huko Tbilisi daktari alimchorea kwenye karatasi:
ngozi ipo, kinachokwenda ni cha chini yake,
mafuta, msuli, mwisho hata mfupa.
Kwa nini? Hatujui.
Kwa nini nusu tu? Hatujui.
Itakoma, kwa kawaida hukoma. Lini? Hatujui.
“Hatujui tatu,” Beso aliniambia, mdomo umevutwa juu upande,
“kwa lari mia mbili.”

Mimi nilijifunza kwa vidole.
Kushoto ngozi haina mto,
uivute kwa dole gumba, uende kidogo kidogo,
usimguse karibu na sikio siku za maumivu.
Mara moja, kwa huruma yangu,
nikageuza kiti kisitazamane na kioo.
Akakirudisha kwa mguu. Hakusema neno,
na mimi nikaona haya mpaka jioni.

Baadaye walimchota mafuta tumboni, wakayapanda shavuni.
“Sasa unaninyoa tumbo,” akacheka.
Nusu yake ilinyonywa tena na mwili. Nusu ikabaki.

Leo ana miaka ishirini na saba.
Nimepitisha wembe, nikasimama, nikapitisha tena:
umeshuka palepale uliposhuka mwaka jana,
na mwaka juzi.

Safari hii nilimwambia.
Povu lingali kidevuni, amefumba macho.
“Pitisha tena,” akasema.