Jumamosi ya Mkalimani

Saa mbili asubuhi, Raskazone.
Mhandisi Shen kavaa kofia ya kiwandani
utadhani mapango nayo yanachomwa saruji.
Mkewe ana mwavuli. Na bibi, mama wa mke,
aliyetua juzi kutoka Hunan,
kakumbatia chupa ya maji moto
na mayai kumi na mawili yaliyochemshwa kwa majani ya chai,
kana kwamba Tanga hakuliwi.

"Mwambie dereva," anasema, "njiani tusinunue kitu."
Namwambia dereva: "Bibi anakusalimu."
Ndiyo kazi yangu. Nalipwa kwa siku.

Twapita Chumbageni. Baiskeli kushoto, baiskeli kulia,
mama wa baibui kakaa upande kwenye kerieri,
mkono mmoja kiunoni pa mume, mwingine kwenye simu.
Bibi ananyoosha kidole, anacheka, anafuta macho:
hivi hivi, asema, ndivyo alivyopelekwa kwa mumewe,
baiskeli ya kwanza yeye,
ya pili godoro.
Hili nalitafsiri lote, sipunguzi neno.
Dereva ndiye anayepunguza mwendo.

Nami naikumbuka Jumamosi yangu,
nje ya Wuhan, mwaka wa kwanza wa chuo,
mwalimu alipotupakia wageni watano
tukaone mashamba ya machungwa.
Kikongwe mmoja alinishika nywele,
akanusa vidole vyake,
kisha akanimenyea chungwa, kipande kwa kipande,
akingoja nimeze ndipo anipe kingine,
kama alishaye ndege asiyemjua jina.
Sikujua nimeheshimiwa au nimechunguzwa.
Hata leo sijui.
Chungwa lilikuwa tamu.

Kiomoni watoto wanakimbiza gari: "Mchina! Mchina!"
Ruolan, miaka sita, anashusha kioo:
"Mchina babu yako! Mie wa hapa hapa!"
kwa ile sauti ya yaya wake, ya kuvuta na kubetua.
Mama mtu ananigeukia: kasema nini?
"Anawasalimu," nasema.

Mwongozaji wetu ni Mwanamkasi,
tochi moja, kandambili za rangi mbili.
Anatuonyesha jiwe lililo kama kochi,
jiwe lililo kama mamba,
shimo ambalo mbwa, wasema wasemao,
aliingia akatokea nchi ya mbali, manyoya yameungua.
Mhandisi anauliza kina ni mita ngapi.
"Mwambie ni ndefu," asema Mwanamkasi.

Kwenye mzimu: chupa za marashi, sarafu, kitambaa chekundu,
majivu ya udi yangali na harufu.
Kabla sijafungua mdomo kueleza,
bibi kachutama, kautoa mfukoni yai moja,
kaliweka kando ya marashi, polepole,
kama mtu aingizaye hela kwenye mkono wa mtoto.
"Anaomba nini?" Mwanamkasi kaninong'oneza.
Nikauliza.
"Siombi," bibi akasema. "Najitambulisha tu."

Kisha tochi ikazimwa, ndiyo desturi,
mgeni aonjeshwe giza.
Nikasikia popo, nikasikia pumzi za watu sita,
na Ruolan, kama alivyofunzwa mlangoni pa watu:
"Hodi!"
Pango likajibu: odi... odi... di...
Akangoja.
"Mbona halisemi karibu?"
akaniuliza kwa Kiswahili,
halafu kwa Kichina, akidhani sikusikia.
"Nalo ni geni?"
Lugha mbili kinywani, na zote zikanigomea.

Tulipotoka jua lilitupiga kofi.
Penye mwembe wa kuegeshea magari palikuwa na mama wa mihogo,
ya kuchoma, pilipili na chumvi,
na bibi, yule asiyetaka kununua kitu,
alishafika. Vidole vitatu juu, kichwa kikikataa,
mama wa mihogo vidole vitano, wakacheka,
wakashikana mkono kwenye vidole vinne
na yai moja la nyongeza.

Nilisimama pembeni na kazi yangu.
Jioni nililipwa siku nzima.