Msasa

Mimi ni seremala wa Gikomba, najua msasa kwa namba:
arubaini wa kuparuza, themanini wa kusawazisha,
mia mbili na ishirini wa kumalizia kiti cha mteja mkorofi.
Usiku ule wa Julai nilipogusa shavu la binti yangu
vidole vikasema bila kuulizwa: themanini.

Ana miezi mitano. Ana jina la mama yangu, Wangeci.
Hajui kukaa, hajui kutambaa,
lakini kujikuna amejua:
anasugua uso kwenye shuka kama mtu anayefuta maneno.
Asubuhi shuka lina vitone,
na mke wangu analifua kabla majirani hawajaamka.

Majirani wameamka zamani.
Wa ghorofa ya pili kaleta maji ya chumvi.
Mama Achola kasema ni jicho.
Mwenye duka akatuuzia dawa ya kopo lisilo na jina,
ikamng'arisha mtoto siku tatu,
siku ya nne ikatudai.

Kliniki ya Umoja. Foleni. Benchi
(mguu mmoja umelegea, ungehitaji gundi tu).
Sista Kwamboka akafungua kopo letu, akanusa, akalitupa.
Akasema: ni ukurutu. Hauambukizi. Si uchafu wenu.
Hilo la mwisho akalirudia, akimtazama mke wangu,
na mke wangu, ambaye hakulia hata kwa uchungu wa kuzaa,
akalia.

Sasa nina zamu ya usiku.
Maji vuguvugu, nusu karai;
maji yenyewe ya kununua kwa mtungi, kwa hiyo nusu ni nusu kweli.
Dakika tano. Sabuni isiyonukia kitu.
Simsugui. Namkausha kwa kumgusagusa
kama unavyofuta gundi iliyofurika kwenye kiungo.
Kisha mafuta mazito, angali na unyevu,
mengi, kuliko mfuko wangu unavyopenda,
yaifungie ndani ile nusu karai.
Dawa ya tyubu, utando tu, pale palipowiva,
kwa siku zilizoandikwa.
Soksi mikononi. Kucha namkata akiwa usingizini,
nimeshika pumzi, mimi ninayepasua mbao za futi kumi na mbili.

"Ubao ukikauka hupasuka," nilimwambia Sista.
"Basi unajua tayari," akasema, akaita mwingine.

Jumamosi mama akaja kutoka Kinangop
na viazi, na swali: shali liko wapi?
Shali la sufu alilolifuma miezi minne kwa taa ya sola
liko juu ya kabati, mfukoni, tangu tuambiwe pamba tu.
Nilikuwa nimeandaa uongo.
Nikamwonyesha mtoto badala yake: viwiko, nyuma ya magoti.
Mama akavaa miwani, akatazama kwa muda mrefu
jina lake lilivyochubuka.

"Na wewe ulikuwa hivi," akasema.
"Nilikufunga mikono kwa kitambaa. Hakuna aliyeniambia ni nini."

Akaomba shali, akajifunika nalo magoti,
juu ya shali akatandika leso kuukuu,
juu ya leso, mtoto.

Leo shavu ni mia mbili na ishirini.
Kesho sijui; huu huenda ukarudi,
na baridi haijatuaga.
Mafuta yamebaki kidole kimoja koponi.
Nanawa vumbi la mbao, mara mbili,
napasha maji.