Herufi Sita

Bei ilikuwa shilingi ishirini kwa herufi,
na jina lake lina sita: Kidiga.
Mara ya kwanza alikuja na mia moja tu,
kijana wa Chavakali, magoti kama vibuyu,
jezi ya kiwanda cha sukari ameikunja kwapani.
Nikamwambia, basi utavaa KIDIG.
Akacheka. A nikaishona kwa mkopo.

Soka sikuijua. Nilijua mishono.
Lakini mtu akikurudia hapa Kibuye kila msimu
na jezi ya rangi mpya, utamjua tu,
hata kama hujawahi kumwona akikimbia.
Muhoroni ilikuwa kijani.
Webuye nyeupe, nayo ilinuka kiwanda cha karatasi
hata baada ya kufuliwa mara mbili.
Nakuru walimpa buluu nzito
na chumba kimoja nyuma ya stesheni;
akafunga mabao kumi na saba,
kisha mweka hazina akatoweka na mishahara.
"Nyar Seme, fumua," aliniambia,
"ila herufi usizitupe."

Nikafumua. Nikashona upya.
K ya Muhoroni ikapanda basi la Bungoma,
I zote mbili zikaenda Kakamega,
moja ikararuliwa na beki wa timu ya polisi
aliyekosa njia nyingine ya kumkamata.
Nyingine nikaikata kwenye pazia langu.
Alipowafunga Webuye, Webuye wakamwita msaliti.
Nakuru walimzomea nusu saa nzima
kwa jina ambalo mimi ndiye niliyelishona.

Kuna mwaka alikwenda Uingereza.
Majaribio ya wiki tatu, timu ya daraja la chini,
mji ambao alilitamka jina lake kama mtu anayekohoa.
Huko, alisema, jina hubandikwa kwa mashine ya moto,
na kocha alimwita Ki,
hakuwa na muda wa silabi tatu.
Alifunga bao moja, mvua ikinyesha kimshazari,
mbele ya wazee wanne na mbwa.
Akarudi na glavu.
Jezi ya kufumua hakuniletea.

Uwanjani nilikwenda mara moja, hapa hapa Kisumu.
Alikuwa na miaka thelathini na mitano,
na niliona kwanza kwamba bega la kulia linambana,
fundi aliyekata ile jezi alikuwa na haraka.
Halafu mpira ukamjia kutoka juu
ukatulia kifuani
kama kitambaa chini ya mguu wa cherehani.
Akageuka. Akapiga.
Mlingoti.
Nikajikuta nimesimama juu ya kiti cha mtu,
ninautukana mlingoti kwa Kijaluo,
mimi, mama mzima, mweka hesabu wa kanisa.

Juzi amekuja, anachechemea.
Anauza chakula cha kuku kule Luanda.
Akaniwekea mezani jezi ya mwisho, ya damu ya mzee.
"Fumua. Kuna kijana ataivaa."
Nikachukua wembe, nikakata uzi mmoja mmoja,
yeye ameketi kwenye ndoo, anaangalia barabara.
Nilipomaliza sikusema kitu kwa muda.
Jua lilikuwa limeipausha jezi nzima
isipokuwa pale zilipokaa herufi.
KIDIGA lilikuwa bado mgongoni,
limeiva, linasomeka kuliko nilivyolishona.

"Kijana anaitwa nani?"
"Wafula."
Nikahesabu kwa vidole. Sita.
"Basi nitaanza kwa kuziba," nikasema.
"A yako nitaiacha palepale. Bado ina nguvu."

Hapo ndipo alipoingiza mkono mfukoni,
akatafuta, akatafuta tena,
akaiweka juu ya meza sarafu ya shilingi ishirini.
Deni la A, alisema. La ile siku.
Nikaitazama. Nikaisukuma irudi kwake.
Nikamwambia bei imepanda.